Nani Humchagua Mbunge Kabla Yetu?

Hotuba iliyotolewa mbele ya makatibu na wenyekiti wa matawi katika semina ya wilaya



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hulidharau mpaka siku limewafika shingoni. Jambo lenyewe ni uteuzi wa wagombea. Siku ya kupiga kura kila mtu huiona. Watu huamka alfajiri, hujipanga, huchovya kidole katika wino, na magazeti hupiga picha. Lakini karatasi ile anayopewa mwananchi siku hiyo imekwisha kuandikwa majina. Nani aliyeyaandika? Aliyakata mangapi kabla ya kutufikia? Mtu akitualika kula kwake, akatuwekea sahani mbili mezani, akasema chagueni mnachopenda, hatuna budi kushukuru. Lakini aliyeamua tule nini ni yule aliyekuwa jikoni.

Sisi tunaozunguka matawini tumezoea kuulizwa, "Kwa nini mbunge wetu hatumwoni?" Swali hilo ni zuri, lakini yafaa kwanza tuulize lingine: mbunge huyo anamwogopa nani? Maana kila binadamu humtazama yule awezaye kumnyima mkate. Mbunge anayejua kwamba fomu yake imo mikononi mwa wajumbe 400 atawatafuta wajumbe 400. Akijua imo mikononi mwa wakubwa wachache mjini, atakaa mjini. Akijua imo mikononi mwa wanachama wote wa jimbo, hapo ndipo tutamwona akishuka kwenye gari na kutembea kwa miguu.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu nchi hii ina historia kubwa katika jambo hili, na vijana wengi hawakuipata shuleni.

Mwezi wa Januari, 1958, TANU ilikutana Tabora. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka masharti ya kura tatu: kila mpiga kura alilazimika kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, au kura yake ihesabiwe kuwa si kitu. Wengi waliona hayo ni matusi, nao walikuwa na haki kuona hivyo. Lakini mkutano uliamua TANU iingie katika uchaguzi huo, na Ndugu Zuberi Mtemvu pamoja na wenziwe wakatoka na kuunda chama chao cha Kongresi. Twakumbuka uamuzi wa Tabora kama uamuzi wa busara. Mara chache tunakumbuka kwamba ulikuwa pia uamuzi juu ya uteuzi. Chama kilipokubali kura tatu, kilijipa kazi ya kuwachagua hata Wazungu na Waasia ambao kingewaunga mkono, watu kama Derek Bryceson na Amir Jamal. Wagombea waliokubaliwa na TANU walishinda. Tangu siku hiyo ikawa wazi kwamba katika Tanganyika mtu akipata baraka ya chama, kura zilizobaki ni sherehe.

Agosti 1960 jambo hilo lilijionyesha waziwazi zaidi. Viti vilikuwa 71. Katika viti 58 hapakuwa na mpinzani yeyote, na wagombea wa TANU walipita bila ya kupigiwa kura hata moja. TANU ilipata viti 70. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, nacho kina mafundisho kuliko vile 70. Chama kilimweka Chifu Amri Dodo. Watu wa Mbulu walimtaka Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mtu wa TANU. Sarwatt akasimama peke yake, akamshinda mgombea rasmi. Watu wa Mbulu hawakuikataa TANU wala hawakuukataa Uhuru. Walikataa kuletewa jina. Na waliweza kusema hivyo kwa sababu mlango wa mgombea binafsi wakati ule ulikuwa wazi. Tuliweke hilo akilini, tutalirudia.

Basi nchi ikajitawala, na ikawa na taabu ya ajabu: chama kilipendwa mno hata uchaguzi ukakosa maana. Kama mgombea wa chama lazima apite, na mgombea wa chama anachaguliwa na watu wachache, basi wananchi walio wengi, waliopigania kura kwa jasho, hawana kura. Tume iliyoongozwa na Ndugu Rashidi Kawawa, iliyoteuliwa 1964, ilizunguka nchi nzima na kutoa taarifa yake 1965. Hatutaki leo kuingia katika ubishi wa chama kimoja au vyama vingi. Hilo lilikwisha 1992, na ubishi wake una vitabu vyake. Tunataka kutazama mashine ya uteuzi waliyoitengeneza, kwa sababu ilikuwa ya werevu kuliko tunavyodhani.

Mtu aliyetaka ubunge mwaka 1965 alihitaji kudhaminiwa na wapiga kura 25 tu. Majina yote yalipelekwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wilaya, wajumbe wakapiga kura za siri. Halmashauri Kuu ya Taifa iliyatazama majina hayo, ikachagua wawili. Iliweza kuibadili hesabu ya wilaya, lakini ilifanya hivyo mahali pachache tu. Wawili hao, wote wa TANU, ndio waliosimama mbele ya wananchi, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine alama ya nyumba. Alama hizo ziliwapa wagombea kazi ya ziada. Wa jembe alisema bila jembe hakuna chakula. Wa nyumba akajibu kwamba hata mkulima jioni lazima arudi nyumbani. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini mwaka ule kila mgombea alitamani kulichagua.

Masharti ya kampeni ndiyo tunayoyahusudu. Wagombea wawili walikwenda pamoja katika mikutano iliyotayarishwa na chama. Walisema kwa Kiswahili. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, kwa rangi au kwa dini. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba Rais anamtaka yeye. Wala hakuna aliyeruhusiwa kutumia fedha zake kujinadi. Mkulima maskini na Waziri walisimama juu ya jukwaa moja, kila mtu na dakika zake.

Na nini kilitokea Septemba 1965? Mawaziri wawili walianguka, na Mawaziri Wadogo kadhaa pamoja nao. Aliyeanguka Mwanza alikuwa Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mtu aliyejenga ushirika wa pamba wa Usukuma tangu zamani za ukoloni, mtu ambaye hakuna aliyefikiri angeweza kuangushwa kwao. Wabunge wengine hawakufika hata kwenye jembe na nyumba. Walikomea katika mkutano wa wilaya. Upande wa pili, Jamal alishinda Morogoro na Bryceson akashinda Dar es Salaam, kila mmoja dhidi ya Mwafrika, kwa kura za Waafrika. Wale waliokuwa wakisema mwananchi wa kijijini hajui ila ukoo wake walinyamaza.

Bomani, tuseme kweli, baadaye alirudi katika Baraza la Mawaziri, na aliitumikia nchi miaka mingi. Tunamtaja kwa heshima. Lakini tangu siku ile kila Waziri alijua kwamba kazi nzuri katika ofisi ya Dar es Salaam haitoshi.

Sasa tazameni upande wa giza wa mashine hiyohiyo. Oktoba 1968 Halmashauri Kuu ya TANU iliwafukuza katika chama wabunge kadhaa, wengine wakiwa watu waliozoea kusema kwa ukali. Kwa kuwa mbunge lazima awe mwanachama, waliofukuzwa walipoteza na viti vyao. Wananchi waliowachagua miaka mitatu nyuma, wale wa jembe na wa nyumba, hawakuulizwa. Hapo wabunge walipata somo la pili, tena lenye nguvu kuliko la kwanza: mwananchi anaweza kukuondoa mara moja kwa miaka mitano, lakini chama kinaweza kukuondoa Jumanne yoyote. Mtu mwenye mabwana wawili hujifunza upesi ni yupi mwenye fimbo karibu.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia yao. Mwaka 1969, baada ya KPU kupigwa marufuku mwezi wa Oktoba, KANU kilibaki peke yake, na uteuzi wa KANU wa mwezi wa Desemba ukawa ndio uchaguzi wenyewe. Kila mpiga kura aliruhusiwa kuingia. Karibu nusu ya wabunge waliokuwapo hawakurudi. Mtu atasema, hii si sawasawa na yetu ya 1965? Kuna tofauti moja kubwa: fedha. Kule hakuna aliyemzuia mgombea kutoa. Wabunge waliobaki wakajifunza kwamba mwananchi anawapima kwa Harambee: mbunge ametoa nini katika shule, katika zahanati, katika kanisa. Basi mbunge akawa mchangaji mkuu wa jimbo. Shule zilijengwa, hilo hatulikatai, na watoto wamesoma. Lakini mtu anayechanga kila Jumamosi lazima azipate fedha mahali fulani kati ya Jumatatu na Ijumaa, na mahali pa karibu kabisa ni kwa yule mwenye kugawa vyeo. Ndivyo mbunge aliyeogopa wananchi alivyoishia kuwa mtu wa Serikali.

Na mwaka 1988 ikaja mlolongo. Wanachama wa KANU walijipanga nyuma ya mgombea au wakala wake, mchana, mbele ya chifu na mbele ya tajiri wao. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa amekwisha kuchaguliwa. Kura ya siri hakuiona. Watu waliona kwa macho mstari mfupi ukitangazwa kuwa ndio mrefu. Makanisa yalipiga kelele, na Desemba 1990 KANU chenyewe kikaufuta mtindo huo. Mbunge aliyeingia Bungeni kwa mlolongo hakuwa na shaka hata kidogo ni nani aliyemwingiza. Angewezaje kusimama akampinga?

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. Uingereza, mwaka 1980, mkutano wa chama cha Labour uliamua kwamba kila mbunge wao, hata awe amekaa miaka 30, lazima arudi mbele ya wanachama wa jimbo lake kuombwa upya kabla ya kila uchaguzi. Wabunge wa zamani walikasirika sana. Mwaka uliofuata baadhi ya wakubwa wa chama hicho walitoka na kuunda chama kingine, na hilo lilikuwa mojawapo ya malalamiko yao. Marekani nako huchagua wagombea kwa kura ya awali, ambapo watu wa kawaida huingia bila kuwa wajumbe wa mkutano wowote. Juni 2014 Eric Cantor, kiongozi wa wabunge walio wengi katika Baraza lao la Wawakilishi, aliangushwa Virginia na Dave Brat, mwalimu wa uchumi katika chuo. Tangu cheo hicho kiwepo mwaka 1899 hakuna mwenye cheo hicho aliyewahi kuangushwa katika kura ya chama chake mwenyewe. Wako kati yetu walimu watakaofurahi kusikia hivyo. Hata hivyo kura hizo za awali huwavuta wachache, mara nyingi wenye msimamo mkali, na mbunge wao hujifunza kuwaogopa hao kuliko jimbo zima. Kupatana na mpinzani Bungeni kunakuwa kosa la kumtoa mtu kazini.

Turudi nyumbani. Tufanye hesabu kama ya darasani. Jimbo lina wapiga kura 60,000. Mkutano wa kura za maoni una wajumbe 400. Wagombea wamejitokeza 20, kila mmoja na watu wake. Kura zikitawanyika, mtu anaweza kuongoza kwa kura 60. Watu 60 ni wa kujaza mabasi mawili madogo. Unaweza kuwaalika wote chakula cha mchana, unaweza kujua jina la kila mmoja na ada ya mtoto wake, na unaweza, Mungu atusamehe, kujua bei ya kila mmoja. Twasema ni mfano, lakini hakuna katibu wa tawi humu ndani anayejifanya hajaelewa. Zile kanga na vitenge vinavyogawiwa usiku, ule "usafiri" unaotolewa katika bahasha, vinatolewa kwa sababu hesabu hii inajulikana na watoaji. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuwahonga watu 60,000.

Sheria haikuwa safi siku zote. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kilichoitwa takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa watu wake. Neno zuri, la dini na la heshima, likavalishwa bahasha. Mahakama Kuu ililifuta 2006. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo inagusa hata uteuzi wa ndani ya vyama. Katika mwaka huohuo CCM iliwaruhusu wanachama wote kupiga kura za maoni, badala ya wajumbe wa mkutano tu, na wabunge wengi wa zamani wakaanguka. Mwaka 2020 chama hicho kilirudi kwa wajumbe. Watu zaidi ya 10,000 walichukua fomu za ubunge, kura zikahesabiwa hadharani, na mwisho vikao vya juu vikaamua, hata mahali pengine aliyeongoza hakuteuliwa. Hatuko hapa kukihukumu chama kile au hiki. Vyama vya upinzani navyo vina vikao vya juu, na wakati mwingine jina hutoka huko likiwa limekwisha kupigwa muhuri.

Kuna wanaosema wanachama wote wakiruhusiwa, kadi zitanunuliwa. Ni kweli, kadi zinanunuliwa. Tawi lenye wanachama 80 mwezi wa Mei huamka Julai lina 600, na 500 kati yao hawajui hata mwenyekiti wao ni nani. Lakini dawa ya hilo ni rejista iliyofungwa mapema na kubandikwa ukutani, ambapo kila mtu atasoma jina la jirani yake, na la marehemu pia kama limebaki. Kurudisha uamuzi kwa watu 400 hakukomeshi ununuzi. Kunapunguza bei tu.

Wengine husema vikao vya juu lazima viwe na neno la mwisho, maana jimbo linaweza kumleta mwizi. Hilo nalo tunalikubali, kwa sharti moja. Kikao kikimkata aliyeongoza, kiseme sababu, kwa maandishi, naye apewe nafasi ya kujibu. Jina likikatwa kimya kimya, walioko Bungeni wote huona panga, na hawajui limekata kwa kosa gani. Mtu asiyejua kosa ni lipi hukaa kimya juu ya kila jambo. Tukishangaa kwa nini mswada mzito umepita kwa kupiga makofi, jibu moja ni hilo.

Na hapa ndipo tunakumbuka Mbulu. Katiba yetu yasema mgombea ubunge lazima awe mwanachama na apendekezwe na chama, na mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichomleta, kiti chake kimekwenda. Mchungaji Christopher Mtikila alilipeleka jambo hilo mahakamani. Mahakama Kuu ilimkubalia 1994, Bunge likabadili Katiba. Ikamkubalia tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Naye akaenda mpaka Mahakama ya Afrika, Arusha, ambayo Juni 2013 iliamua kwamba kumkataza mgombea binafsi ni kuvunja haki. Mtu aweza kumpenda Mtikila au kutompenda. Lakini Sarwatt wa 1960, chini ya bendera ya Mwingereza, alikuwa na njia ya kuwauliza wananchi moja kwa moja chama kilipomkataa. Chama kinachojua kwamba mtu wake mzuri anaweza kutoka na kushinda peke yake kitamtazama mara mbili kabla ya kumkata. Chama kinachojua hana pa kwenda hakina sababu ya kutazama.

Akina mama wametuuliza juu ya viti maalum, ambavyo kwa Katiba havipungui asilimia 30. Tuseme kwa ufupi: huko mambo ni magumu zaidi, kwa sababu orodha hutoka katika vikao vya chama tu, na mama aliyeko Bungeni kwa njia hiyo hana hata jimbo la kumtetea siku akisema neno lisilopendwa. Wako waliosema kwa ujasiri. Hao tuwahesabu kuwa mashujaa mara mbili.

Wala tusiwapendelee wabunge kupita kiasi. Wako wanaolia kwamba kura za maoni ni fitina, na miaka minne hawakufanya mkutano mmoja wa kusikiliza. Mbunge wa namna hiyo kuondolewa ni haki. Tunachokataa ni mbunge mzuri kuondolewa kwa mabasi mawili, na mbovu kurudishwa kwa simu moja. Tena mbunge akiishi kwa hofu ya wajumbe, mwaka wa mwisho wote hatasoma mswada hata mmoja; atakuwa misibani na harusini, akihesabu vichwa.

Basi kazi ya mwezi huu, ndugu makatibu, ni rejista. Kila tawi lilete orodha yake kwa mkono wa katibu na sahihi ya mwenyekiti, ikionyesha nani amelipa ada na lini. Orodha ibandikwe nje, si ndani ya kabati. Waliohama waandikwe wamehama. Tawi lisilo na orodha halitaleta mjumbe, hata kama katibu wake ni rafiki yetu. Karatasi za kuandikia ziko kwa Ndugu Mtunza Hazina, mtazichukua mkitoka. Zisizidi mbili kwa kila tawi, maana ni chache. Sasa tunakaribisha maswali, tukianza na wenzetu waliotoka mbali, ambao wana basi la saa kumi.